Mlango Mmoja, Mihuri Miwili

Mpaka wa nchi mbili jirani hulindwa na watu wa namna mbili. Wapo wanaosimama na silaha, na yupo yule anayeketi nyuma ya meza akiwa na kalamu, pedi ya wino na muhuri wa mpira. Mgeni anaposhuka kwenye ndege au kwenye garimoshi, huyu wa pili ndiye anayekutana naye kwanza. Hufungua pasi, hutazama picha, humtazama mwenye picha, huuliza maswali mawili matatu, kisha hugonga. Kwa pigo hilo moja dola huwa imetamka neno lake: mtu huyu ameingia, tarehe hii, kwa mlango huu, na ameruhusiwa kukaa muda huu.

Muhuri huo sasa unaanza kutoweka. Katika viwanja vingi vya ndege mgeni huweka pasi yake juu ya kioo, hutazama kamera, mlango hufunguka, naye hupita bila ya kusema na mtu. Tarehe 12 Oktoba 1925 au 1975 jambo hilo lingeonekana ndoto. Tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Ulaya zilianza rasmi kuuweka kando muhuri kwa wageni wa muda mfupi, na mahali pake pakaingia kompyuta yenye picha za nyuso na alama za vidole. Wapo wanaoshangilia kwamba foleni zinakwisha. Wapo wanaohofu kwamba bawabu ameondolewa mlangoni. Shauri hilo haliwezi kukatwa kwa maneno matupu. Lazima itazamwe historia, na hapana historia iliyo na mafunzo mengi katika jambo hili kama ile ya majirani wawili wa Asia, Malaysia na Singapore.

Kwanza ifahamike kwamba pasi yenye sura inayojulikana leo si kongwe sana. Ilizaliwa na Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1920, mkutano uliofanyika Paris chini ya Shirikisho la Mataifa ulipendekeza mfano mmoja wa kijitabu cha kusafiria kwa nchi zote. Miaka sitini baadaye, mwaka 1980, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilitoa kanuni za pasi inayoweza kusomwa na mashine. Tangu siku hiyo pasi ikawa na lugha mbili: moja ya kusomwa na afisa, na nyingine ya kusomwa na mtambo. Yaliyofuata yalikuwa ni suala la muda tu.

Malaysia na Singapore hazikuzaliwa zikiwa nchi mbili. Zote zilitawaliwa na Mwingereza, naye ndiye aliyejenga tuta la mawe na barabara linalokatiza mlangobahari wa Johor, lenye urefu wa kilomita moja hivi, ambalo lilifunguliwa rasmi mwaka 1924. Garimoshi, magari na watu wa miguu walipita juu yake kama mtu apitavyo kutoka sebuleni kwenda chumbani. Mwaka 1963 Singapore iliingia katika shirikisho la Malaysia. Ndoa hiyo haikudumu hata miaka miwili. Tarehe 9 Agosti 1965 Singapore ilitoka na kuwa dola peke yake, na mwaka 1967 wasafiri wa tutani wakaanza kukaguliwa pasi. Watu waliolala wakiwa ndugu wa nyumba moja waliamka wakiwa wageni, na uthibitisho wa ugeni wao ukawa ni muhuri.

Kuvunja nyumba si kazi ya siku moja. Hata baada ya kutengana, nchi hizo ziliendelea na shirika moja la ndege mpaka mwaka 1972, lilipogawanywa kuwa mashirika mawili. Msikilizaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuelezwa zaidi jinsi mambo hayo yanavyokuwa. Jumuiya iliyoundwa mwaka 1967 na Tanzania, Kenya na Uganda ilivunjika mwaka 1977, na shirika lake la ndege likaanguka mwaka huohuo. Lakini kuna kitu kimoja ambacho Malaysia na Singapore zilisahau kugawana, au zilishindwa kugawana, nacho ni kituo cha garimoshi.

Kituo cha Tanjong Pagar, kilichofunguliwa mwaka 1932, kilikuwa katikati ya mji wa Singapore, karibu na bandari. Kwa mikataba ya zama za Mwingereza, kituo hicho pamoja na ukanda wa ardhi ya reli vilikuwa mikononi mwa shirika la reli la Malaysia. Kwa hiyo hata baada ya mwaka 1965, maafisa wa Malaysia, wakiwa na sare zao na mihuri yao, walikuwa wakifanya kazi ndani ya moyo wa nchi nyingine. Jambo hilo lilivumilika maadamu maafisa wa Singapore nao walikuwa wakifanya kazi katika kituo hichohicho. Msafiri alitoka Singapore kwenye meza moja na kuingia Malaysia kwenye meza ya pili.

Tarehe 1 Agosti 1998 uvumilivu huo ulikwisha. Singapore iliwahamisha maafisa wake mpaka Woodlands, penye tuta, ikasema kwamba mpaka ni pale na ukaguzi shurti ufanyike pale. Malaysia ikakataa kuwaondoa wa kwake. Kila upande ulikuwa na hoja zake juu ya makubaliano yaliyotiwa saini mwaka 1990, na hakuna aliyekubali kurudi nyuma hatua moja. Fahali wawili wakawa wamesimama katika zizi moja, na aliyekanyagwa akawa ni msafiri.

Hebu izingatiwe safari ya mtu mmoja aliyekuwa akienda Kuala Lumpur katika miaka hiyo. Alifika Tanjong Pagar, akapita mbele ya afisa wa Malaysia, akaruhusiwa kuingia Malaysia. Kisha alipanda garimoshi na kusafiri zaidi ya kilomita ishirini ndani ya ardhi ya Singapore. Alipofika Woodlands alishuka, akapita mbele ya afisa wa Singapore, na hapo ndipo alipotoka Singapore. Kwa mujibu wa karatasi, mtu huyo aliingia nchi ya pili kabla hajatoka nchi ya kwanza. Pasi za wageni zikawa hazigongwi muhuri wa Malaysia kituoni hapo. Ushahidi ukabaki kwenye kadi ya kuingilia, karatasi nyepesi inayoweza kupotea mfukoni. Mgeni aliyeombwa na polisi wa mji mwingine aonyeshe muhuri wake hakuwa nao, na halikuwa kosa lake.

Hali hiyo iliendelea kwa karibu miaka 13. Haikuondolewa na kompyuta, wala na askari, wala na mahakama. Iliondolewa na mazungumzo. Tarehe 24 Mei 2010 Waziri Mkuu Najib Razak wa Malaysia na Waziri Mkuu Lee Hsien Loong wa Singapore walikubaliana kwamba kituo cha Tanjong Pagar kifungwe na ukaguzi wa Malaysia uhamie Woodlands. Usiku wa tarehe 30 Juni 2011 garimoshi la mwisho liliondoka Tanjong Pagar, na aliyeshika usukani ni Sultani Ibrahim wa Johor mwenyewe. Kesho yake maafisa wa nchi mbili walikaa kazini mahali pamoja, na karatasi zikaanza tena kusema kweli.

Lipo jambo jingine la miaka hiyohiyo ambalo askari hawana budi kulikumbuka. Tarehe 27 Februari 2008, Mas Selamat Kastari, aliyekuwa kiongozi wa kundi la Jemaah Islamiyah nchini Singapore, alitoroka kizuizini. Ukaguzi ulikazwa milangoni. Picha yake ilisambazwa. Naye hakupita mlangoni hata mmoja. Serikali ya Singapore ilieleza baadaye kwamba aliogelea mlangobahari wa Johor kwa kujishikiza na kitu cha kuelea. Hakuna muhuri uliomzuia na hakuna mashine ambayo ingemzuia. Alikamatwa tarehe 1 Aprili 2009 ndani ya Johor na polisi wa Malaysia, kutokana na habari ambazo vyombo vya usalama vya nchi hizo mbili vilipeana. Hapo ndipo ulipo uzito wa kisa hiki. Wakati mawaziri walikuwa bado wanavutana juu ya wapi muhuri ugongwe, polisi wa pande zote mbili walikuwa wakishika doria moja.

Mashine nazo zilikuwa zimekwisha ingia. Mwaka 1998 Malaysia ilikuwa nchi ya kwanza duniani kutoa pasi yenye chipu ya kielektroniki, na mwaka huohuo ikafungua uwanja mpya mkubwa wa ndege wa Kuala Lumpur. Singapore ilianza kutoa pasi ya namna hiyo mwaka 2006. Utendaji wa mlango wa kielektroniki si uchawi. Mashine husoma mistari iliyo chini ya ukurasa wa picha, kisha hufungua chipu na kuhakikisha kwamba habari zake zilitiwa na serikali halali na hazijachezewa. Kamera humpiga mtu picha na kuilinganisha na ile iliyomo ndani. Penginepo husomwa alama za vidole au mboni ya jicho. Mwisho, jina na namba ya pasi hupelekwa kwenye orodha ya wanaotafutwa na ya pasi zilizoibwa. Yote yakiafikiana, mlango hufunguka. Likikosekana moja, mtu huelekezwa kwa afisa.

Katika hatua hizo zote, ile ya mwisho ndiyo yenye uhai wa taifa ndani yake, na ushahidi wake ulipatikana kwa uchungu. Tarehe 8 Machi 2014 ndege ya Malaysia, safari namba 370, iliondoka Kuala Lumpur kwenda Beijing ikiwa na watu 239, ikatoweka. Ilipochunguzwa orodha ya abiria, ilionekana kwamba wawili walikuwa wamesafiri kwa pasi za watu wengine, moja ya Austria na nyingine ya Italia. Pasi hizo ziliibwa nchini Thailand mwaka 2012 na 2013. Zilikuwa zimekwisha andikishwa katika orodha ya Interpol, orodha iliyoanzishwa mwaka 2002 na ambayo wakati ule ilikuwa na hati zaidi ya milioni 40. Lakini orodha haikuulizwa.

Uchunguzi haukuwakuta watu hao wawili na hatia ya ugaidi. Walikuwa Wairani waliotaka kuhamia Ulaya. Hata hivyo swali lilibaki. Walipita mbele ya watu wenye macho, si mbele ya mashine, na macho hayo hayakuona kitu. Ilipoulizwa kwa nini orodha ya Interpol haikutumiwa, jibu lililotolewa bungeni Malaysia lilikuwa kwamba orodha hiyo ni kubwa mno na ingechelewesha foleni. Interpol ikajibu kwamba kuuliza pasi moja huchukua sehemu tu ya sekunde. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Malaysia iligundua kwamba mali yenye daftari nayo hupotea, ikiwa daftari lenyewe halifunguliwi.

Haikupita miaka mingi kabla ya funzo la pili. Mwaka 2016 Idara ya Uhamiaji ya Malaysia iliwafukuza kazi maafisa 15 kwa sababu ya kuuhujumu mtambo wa kompyuta unaotumika kukagua pasi katika uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur. Wengine walisimamishwa. Polisi walieleza kwamba nyuma ya hujuma hiyo waliona mkono wa magenge yanayosafirisha watu kwa magendo. Fedha zote zilizotumika kununua mitambo, na wataalamu wote walioisimika, vikawa si kitu mbele ya afisa anayepokea bahasha. Kikulacho ki nguoni mwako. Adui hakuhitaji kuvunja mlango, kwa kuwa aliyekabidhiwa ufunguo alikuwa amekwisha uuza.

Kwa upande wa pili wa tuta, mabadiliko yaliendelea kwa kasi. Tarehe 22 Aprili 2019 Singapore iliacha kugonga muhuri wa kutoka katika pasi za wageni. Muhuri wa kuingia nao ukafuata, na mahali pake pakawa na kibali kinachotumwa kwa barua ya kielektroniki. Mwezi Machi 2024 watu wanaopita kwa gari katika vituo vya Woodlands na Tuas waliruhusiwa kuonyesha msimbo wa QR katika simu badala ya pasi. Sababu yake inaeleweka: katika tuta lile na daraja la pili la Tuas huvuka watu zaidi ya 300,000 kwa siku, na hakuna nchi inayoweza kuajiri maafisa wa kutosha kugonga mihuri yote hiyo. Mwaka huohuo wageni wa mataifa yote wakaruhusiwa kutumia milango ya kujihudumia katika uwanja wa ndege wa Changi. Malaysia nayo, mwezi Juni 2024, ilifungua milango yake ya kielektroniki kwa raia wa nchi 63.

Hivyo, katika muda wa miaka isiyozidi sitini, majirani hao wametoka kwenye mlango usio na muhuri, wakaingia kwenye mlango wenye mihuri miwili iliyogombana, na sasa wanarudi kwenye mlango usio na muhuri. Lakini mlango wa leo haufanani na ule wa mwaka 1924. Ule ulikuwa wazi kwa sababu hakuna aliyekuwa akiandika. Huu uko wazi kwa sababu kila kitu kimekwisha andikwa.

Na hapa yapo mambo ambayo askari wa doria atayaona kabla ya waziri. Zamani, polisi aliyemsimamisha mgeni barabarani alifungua pasi na kusoma muhuri kwa mwanga wa kurunzi. Alijua papo hapo mgeni aliingia lini na muda wake unakwisha lini. Sasa kurasa ni tupu. Ni lazima aulize kompyuta iliyo mbali, na kama umeme umekatika au mawasiliano yamekufa, mbele yake amesimama mtu asiyejulikana ni mgeni halali au mkimbizi wa sheria. Mgeni naye amepungukiwa. Muhuri ulikuwa ushahidi ulio mkononi mwake. Pakitokea kosa la tarehe, aliweza kusema: tazameni, hii hapa. Leo ushahidi wote uko kwa mwenye daftari. Serikali inayochukua ushahidi wote mikononi mwake imechukua pia wajibu wote wa kuutunza, kwa maana daftari likikosea, mtu asiye na hatia hana pa kushika.

Afrika Mashariki haiko mbali na mambo haya. Mwezi Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Familia zilizokaa pande mbili za Namanga na Taveta zinajua maana ya mlango usio na muhuri wala mlinzi, bali kufuli. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Ipo sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 ya vituo vya pamoja mpakani, inayowaruhusu maafisa wa nchi moja kufanya kazi ndani ya ardhi ya nchi jirani. Rusumo kilizinduliwa mwaka 2016, Mutukula mwaka 2017, na Namanga tarehe 1 Desemba 2018. Katika jengo moja msafiri hutoka nchi yake kwenye dirisha la kwanza na kuingia nchi ya jirani kwenye dirisha la pili. Kile ambacho Malaysia na Singapore zilikigombania kwa karibu miaka 13, Afrika Mashariki ilikiandikia sheria na kukijengea vituo. Tanzania ilizindua pasi ya kielektroniki ya Afrika Mashariki tarehe 31 Januari 2018, na pasi hiyo inaweza kuzungumza na milango ya kielektroniki.

Wala Afrika Mashariki haina haja ya kuazima mfano wa thamani ya jicho la mlinzi. Tarehe 7 Agosti 1998, siku balozi za Marekani zilipolipuliwa Nairobi na Dar es Salaam, mmoja wa watu wa njama hiyo alikuwa ameshaondoka Nairobi kwa ndege. Alinaswa siku hiyohiyo katika uwanja wa ndege wa Karachi. Aliyemnasa ni afisa wa uhamiaji aliyeitilia shaka pasi iliyokuwa mbele yake.

Mlango wa kielektroniki, basi, hauna budi kupokewa, kwa kuwa unaona haraka na hausinzii zamu ya usiku. Lakini historia ya majirani wale wawili imeonyesha mambo matatu ambayo mlango huo hauwezi kujifanyia wenyewe. Hauwezi kupatana na jirani. Hilo ni kazi ya viongozi. Hauwezi kuamua kulifungua daftari. Hilo ni kazi ya idara. Na hauwezi kukataa bahasha kwa niaba ya yule anayeushika ufunguo. Hilo ni kazi ya askari mwenyewe, akiwa peke yake, saa nane ya usiku, wakati hakuna anayemtazama.